Herufi za Pantelis

Kwa miaka miwili nilizifufua kwenye kompyuta herufi za Kigiriki za kiwanda cha uchapaji kilichokufa zamani. Pantelis, niliyesoma naye shule ya bweni, alifanya vivyo hivyo, na mchapishaji wetu wa Athene angechagua kazi moja tu. Alipoziweka kurasa zetu mezani, niliona wivu kabla hajatamka neno. Zangu zilikuwa nene na nzito; za Pantelis zilipumua.

"Ulinakili wapi, ndugu yangu?" Pantelis aliniuliza.

"Kitabuni. Kila ukingo niliufuata kwa uaminifu."

"Basi umechora wino uliosambaa kwenye karatasi. Mimi nilimfuata bibi mmoja kule Volos, anazo herufi zenyewe za kuchapia, za madini ya risasi, kazitia kwenye boksi la viatu. Ningekwambia, ila wewe huulizi mtu."

"Huyu aulize?" mchapishaji akacheka. "Tangu lini?"

Nilimpa Pantelis mkono wa pongezi kwa ushindi wake, kama tulivyofunzwa shuleni. Kisha nikajilazimisha kumwomba anwani ya yule bibi. Aliniandikia papo hapo, na hata mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko wangu.