Kisanduku cha Kidole Kimoja

Siku ile mjinga alikuwa Gwakisa, na tusihangaike kumtafutia mwenzake. Aliagizwa kisanduku chenye unene wa vidole viwili. Yeye akapeleka cha kidole kimoja, akadhani amemzidishia mteja wema.

Kisanduku chenyewe kilikuwa hivi. Kati ya Ilula na Ruaha Mbuyuni ulibaki uzi mmoja tu wa faiba, kioo kinachobeba mtandao kwa mwanga, usio na kazi, mwembamba kama unywele, na watu wa huko chini walitaka mtandao mwingi kuliko uzi mmoja unavyobeba kwa kawaida. Kuchimba mtaro mpya ni kazi ya miaka na vibali. Njia iliyobaki ni kupitisha mianga kumi na minane katika uzi huohuo, kila mmoja na rangi yake, rangi ambazo jicho la mtu halizioni. Kisanduku cha Ilula kinazichanganya, pacha wake wa Mbuyuni anazitenganisha. Ndani hamna umeme wala kinachozunguka. Mna vichujio vidogo kama punje za mchele, na nyuzi zilizoviringishwa zikalazwa kama tambi kwenye bakuli. Akili yote ya msanifu iko hapo, kuzilaza mahali padogo bila kuzikunja mno, maana faiba ikikunjwa sana mwanga unatoroka njiani.

Gwakisa ndiye aliyesanifu, katika karakana yake ya Uyole, nyuma ya maegesho ya malori. Alichora, akafuta, akachora tena, mvua zikaja zikaisha. Mshirika wake Tumpe ndiye aliyeunga nyuzi chini ya darubini mpaka macho yakawa yanachuruzika kama ya mkata vitunguu. Wote wawili walikuwa na uchovu ule ambao mtu analala nao na kuamka nao. Lakini kama mteja angekipokea kisanduku, vituo vingine vya barabara ile vilikuwa vinangoja vya kwao. Angekikataa, karakana ingerudi kutengeneza redio na pasi za majirani.

"Gwaki, mteja kasema vidole viwili," Tumpe alimkumbusha siku moja.

"Hicho kidole cha pili kina kazi gani? Kukusanya vumbi?"

"Kina kazi ya kutuacha tulale."

Gwakisa alicheka, akaendelea kubana.

Joto walilipima, tusiwasingizie. Ila mtu wa Uyole joto kalijulia wapi, naye anavaa koti kwenda kununua mkaa? Walikiweka kisanduku katika banda la vifaranga la Tumpe, chini ya taa, mfuniko wameuondoa ili wachungulie vizuri. Vifaranga walisinzia, rangi zote zikapita, na Gwakisa akatangaza kwamba joto kuzidi lile labda la motoni.

Basi wakasafiri. Walilala Iringa, wakadamka, wakafunga pacha mmoja Ilula, na walipoumaliza mteremko wa Kitonga sweta la Gwakisa lilikuwa limeshavuliwa na shati linamganda mgongoni. Hanifa aliwangoja Mbuyuni mlangoni pa kibanda cha bati cha mitambo. Alikuwa injinia wa kampuni iliyoagiza kisanduku, binti wa wauza vitambaa wa Iringa mjini, na mpokeaji wa kazi alikuwa yeye. Ushungi wake ulikaa sawasawa kana kwamba jua la pale halimhusu.

"Karibuni. Poleni na safari."

"Ahsante, dada Hanifa. Hapa hatupoi, tunaiva."

Kisanduku kiliingia kwenye raki, ile fremu ya chuma ya mitambo, kikaacha nafasi ya kupitisha kiganja. Rangi zote kumi na nane zilifika kutoka Ilula. Gwakisa akapiga picha, akanyoosha mkono wa kupongezwa.

"Tungoje jua lipande," Hanifa alisema, mkono hakuuona.

Likapanda. Bati likaanza kulia. Adhuhuri rangi ya mwisho ilififia kwenye kipimo, ikazimika. Iliyoitangulia ikafuata, kisha nyingine.

"Hao ni Ilula," Gwakisa alisema haraka. "Wamegusa kitu."

Hanifa akapiga simu. Ilula hawakugusa kitu, walikuwa wanakula. Gwakisa akafungua mfuniko kuangalia ndani, na rangi tatu zote zikarudi. Akaufunga. Zikapotea. Aliurudia mchezo ule mara kadhaa, kama mtu anayetegemea kwamba mlango utachoka kumbana. Plastiki iliyoshika nyuzi ilikuwa imevimba kwa joto, mfuniko unaikandamiza, na nyuzi zimekunjika. Mwanga wenye mawimbi marefu, yaani zile rangi za mwisho, ndio huwa wa kwanza kutoroka.

Tumpe alikuwa amekaa kizingitini, anajipepea na sweta la Gwakisa.

"Kitanue kifikie kipimo nilichokupa," Hanifa alisema. "Nyuzi zipate pa kuhema. Nitakipokea, na vingine vyote vya barabara hii mtatengeneza nyinyi. Hiki hapana, nakirudisha."

Hapo mtu mwenye busara angesema ndiyo. Gwakisa alikitazama kisanduku chake chembamba, akauona mwaka mzima umelala mle ndani, na mdomo ukafunguka wenyewe.

"Dada, kisanduku hakina kosa. Kibanda ndicho kibaya. Wekeni feni."

"Feni inakula umeme, na umeme hapa unakatika. Tuliagiza kitu kisichokula umeme."

"Basi pakeni bati rangi nyeupe."

"Haya."

"Mjenge na kipaa cha kivuli juu yake."

"Haya. Endelea."

"Na mfuniko usikazwe wakati wa jua. Awepo mtu hapa, adhuhuri anaulegeza, jioni anaukaza. Kazi ndogo tu."

Tumpe akaacha kujipepea. Hanifa alikichomoa kisanduku kwenye raki taratibu, akampa Gwakisa mikononi.

"Kaka Gwakisa, apepewe, akingwe jua, alegezwe nguo, akae na mtu wa kumwangalia. Mimi niliagiza kisanduku, sikuagiza mgonjwa."