Faili Lenye Jina la Mwenyekiti

Mwaka 2002, kumbukumbu za mapipa ya asali zilitoweka kwenye kompyuta ya chama cha warina asali pale Itigi. Likaonekana faili ambalo hakuna mjumbe aliyelijua: MUGHWAI.EXE. Mwenyekiti wa chama alikuwa Mzee Mughwai. Akamweka karani wake, Chediel, kwenye benchi chini ya ulinzi wa mgambo, kisha akamwita Leah, fundi wa kompyuta kutoka Singida mjini.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Huyu kaniwekea kirusi, na jina langu juu! Ukithibitisha, analala polisi Manyoni."

Shati la Chediel lilikuwa limelowa jasho. "Dada, ni programu ya kubana mafaili tu. Kila mtu akikosa nafasi kwenye diski anaifuta. Nikaipa jina la mzee. Nani angethubutu?"

Mgambo alicheka, kisha akakohoa.

Leah hakucheka. Maelezo si ushahidi. Alikuwa na CD yenye alama za mafaili ya programu zinazojulikana. Programu yake ya kupima husoma faili zima na kulitolea alama moja ndefu ya tarakimu na herufi. Jina halihesabiwi; lakini ikibadilika herufi moja tu ndani, alama yote hugeuka.

Akaandika amri. Diski ikakwaruza.

Alama ilipotoka, Leah aliitafuta kwenye CD, akailinganisha herufi kwa herufi.

"Ni programu ya kubana, kama ilivyotoka kwa walioitengeneza. Haikuguswa."

"Basi nani kafuta kumbukumbu?"

Leah akapima programu zilizobaki. Zote zililingana na alama za kwenye CD, isipokuwa ile ya kuua virusi.

"Hii imetoka wapi?"

Mgambo akatazama dari.

"Nimeileta mimi," alisema Mzee Mughwai. "Jumapili. Nilipewa Dodoma."

"Jina ni la programu ya kweli, mzee. Yaliyomo siyo. Inafanya nini, bado sijui. Najua tu kwamba siyo yenyewe."

"Pima tena."

Akapima tena. Chediel alifumba macho. Ikatoka alama ileile.

Mzee Mughwai alivua kofia, akaishika mkononi. "Mgambo, mwache."

Mgambo akasogea pembeni. Chediel akainuka, akaenda kuisoma alama ile kwenye skrini.