Kura ya Kwenye Tangi

Kach. Gizani nilisikia kufuli la geti likifungwa. Saa moja na nusu tu, na darasa langu la jioni huanza saa mbili. Nikabaki uani na madaftari kwapani. Kesho yake, saa hiyohiyo, kulikuwa na mtihani wa mwisho. Nikiukosa, mwaka mzima umekwenda na maji.

Na ufunguo tulimpa wenyewe, tena kwa makofi. Mwizi alipobeba masufuria matatu, sisi wapangaji tulimchagua mzee mmoja fundi saa awe Mwenyekiti kwa mwezi mmoja, alinde geti. Mwezi ulipoisha akasema mwizi bado hajakamatwa. Akachukua na ufunguo wa bomba. Akafuta mikutano, eti mwizi anaweza kusikiliza. Aliyenung'unika aliteka maji wa mwisho, na jirani yetu kinyozi akapewa daftari la kuwaandika wanung'unikaji. Tukawa tunasalimiana kwa nyusi.

Asubuhi iliyofuata akaitisha kura: awe Mwenyekiti wa maisha. Kura yenyewe ya kupanga mstari.

"Wanaonitaka, nyuma yangu. Wasionitaka, kule kwenye tangi la maji."

Wote tukajipanga nyuma yake, kila mtu akitazama kisogo cha mwenzake. Nikaufikiria mtihani. Nikamshika mkono binti yangu wa miaka minne, tukatoka kwenye mstari, tukaenda kwenye tangi.

"Uko peke yako, mama," Mwenyekiti akasema.

"Niko na mtoto."

Mama mkwe, ambaye hatuelewani hata kwenye chumvi, akaja akijikongoja. "Hebu sogea, mkwe. Unadhani tangi ni la kwenu?"

Mtu mmoja akacheka. Wa pili akadakia. Kinyozi akatoka na daftari lake.

"Mimi kuandika basi," akasema. "Jana nimemwandika mke wangu. Leo nalala wapi?"

Ua mzima ukaangua kicheko, na watu wakaja wakisukumana, wakikanyagana vidole, wakiombana radhi kwa sauti kubwa, sauti ambazo sikuwa nimezisikia tangu masufuria yaibwe. Mwenyekiti akageuka, nyuma yake patupu. Akafungua funguo mkandani taratibu, akamkabidhi mama mkwe, kisha akabaki katikati ya ua hajui ashike njia gani. Nami tayari nilikuwa nakariri masomo kichwani, moyo mweupe.

Binti yangu akamtazama kwa huruma.

"Babu, njoo upange na sisi."