Mvumo wa Pembeni

Neno "nzuri" lilikuwa limemchosha Mzee Evod. Jirani yake Gosbert aliitazama ile picha akiwa na kikombe cha chai mkononi, akasema nzuri, kisha akauliza kama sukari bado ipo. Mtu aliyepanda kilima cha hifadhi kwa magoti ya miaka sabini na mbili, kamera shingoni, akasubiri saa nzima wingu liuachie mto, hawezi kuambiwa neno lile lile linalosemwa kwa chapati.

Basi akaipeleka kwa Nelly, binti mwenye studio ya picha karibu na soko la Ifakara.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Nimekuja kukosolewa. Usinionee haya. Mimi kusoma nilijifunza ukubwani, darasa la jioni kule Mlimba, baada ya zamu ya stesheni. Kalamu nyekundu naijua."

Nelly akaikuza picha kwenye kompyuta. Lenzi pana ilikuwa imelikumbatia bonde zima: mbuga ya majani, mto Kilombero ukijikunja na kujikunjua, milima ya bluu nyuma yake.

"Mwanga umeupata," alisema Nelly. "Na upeo umenyooka, wengi wanaupindisha. Ila lenzi pana ina ulafi, babu. Inabeba kila kitu, halafu kila kitu kinakuwa kidogo. Na huu mti hapa kushoto umesimama kama mgeni aliyekosa kiti. Unavuta jicho nje. Tuukate, mto ukae katikati."

Ulikuwa mvumo mmoja mrefu, ule mti wa jamii ya mnazi, shingo imepinda. Evod aliumia kidogo, maana kila alichokiweka mle alikiweka kwa makusudi, isipokuwa huo. Huo ulijiingilia tu.

"Kata," alisema.

Picha haikuwa yake. Ilikuwa ya dada yake Agnella, wa Idete. Wote wawili walizaliwa katika kambi ya wavuvi ndani ya eneo ambalo leo ni hifadhi. Walipohama, Evod alikuwa na miaka sita. Agnella alikuwa na kumi na minne, na kasia alilishika kama mwanamume. Sasa presha ya macho ilikuwa inamla. Pasaka iliyopita daktari alimwambia kwamba uoni uliokwisha kupotea haurudi, aulinde uliobaki kwa dawa ya matone. Agnella hakulia. Alisema tu, "Ningepaona nyumbani mara moja." Kilima hakukiweza. Ndipo Evod akapanda kwa niaba yake.

Alifika Idete na picha ndani ya fremu, pana kama sinia la pilau.

"Karibu, Bwana Stesheni," alisema Agnella, akiwa amekaa mkekani akipepeta mchele. "Umebeba dirisha la nani?"

"Shikamoo, dada. Nimekuletea nyumbani."

Agnella akaweka ungo chini. Akaisogeza picha hadi karibu iguse pua, akaanza kuipitia kipande kwa kipande, kwa sababu macho yake sasa yalikuwa yanaona kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo. Evod akamsaidia. Akaweka kidole katikati, pale mto ulipong'aa. "Kambi ndiyo hii."

"Nani kakwambia?"

"Nakumbuka."

"Unakumbuka ugali wewe." Agnella aliendelea kutafuta, akaenda kulia, akarudi kushoto, mpaka kidole chake kikagonga ubao wa fremu. "Mvumo uko wapi?"

"Mvumo gani?"

"Wenye shingo mbovu. Masika, maji yakifunika kila kitu, tulikuwa tunautafuta huo kwanza. Ukishauona, unahesabu mikunjo ya mto kuanzia pale. Wa kwanza, wa pili, wa tatu, umefika. Mikunjo yote inafanana, Evod. Bila mvumo nianzie wapi?"

Evod aliona aibu ikimpanda masikioni. "Ulikuwepo. Tumeukata. Mtaalamu alisema unaharibu picha."

"Mtaalamu aliwahi kupotea majini?"

Kesho yake asubuhi Evod alikuwa amesimama mlangoni pa studio kabla haijafunguliwa. Nelly alimsikiliza mpaka mwisho, ufunguo mkononi.

"Lakini jicho litakwenda pembeni, babu."

"Liende. Ndiko anakoanzia safari."

Nelly akawasha kompyuta. Alifungua picha ya awali, akauongezea ule mti mwanga kidogo ili utofautiane na majani, akaichapa upya. "Ningekuuliza kwanza ni ya nani," alisema, akijisemea mwenyewe zaidi ya kumsemesha Evod.

Mara hii Agnella hakupapasa sana. Aliukuta mvumo. Kisha kidole chake kikateremka mtoni polepole, kama mtumbwi usio na haraka. "Mmoja. Wa pili." Kwenye mkunjo wa tatu kikatulia. Palikuwa na majani tu.

"Hapa mama alikuwa anaanika kambale," alisema. "Hapa baba alitundika nyavu. Na hapa uliuachia mtumbwi wetu ukaenda na maji."

"Nilikuwa mtoto wa miaka mitano!"

"Sita. Na kamba nilikukabidhi mimi, nikakwambia usiiachie."

Wakacheka mpaka Agnella akafuta machozi kwa ncha ya khanga, akarudisha kidole pale pale upesi, asije akapapoteza.

Evod alivumilia kidogo, kisha akashindwa. "Na picha yenyewe, dada? Unaionaje?"

Agnella akaisogeza, akaipitia tena, kipande kwa kipande.

"Maji ni machache. Ungekwenda masika."

Evod akatoa daftari lake mfukoni, akaandika: masika.

"Nitakwenda," alisema.

"Nenda. Na usimruhusu mtu akate kitu."