Kidole Tumbo cha Turia

Katika chumba cha maiti Turia aliujua vizuri mgongo wa kila mwanafunzi mwenzake. Maiti alikuwa mmoja, wanafunzi rundo, naye ni mfupi. Ndiyo maana mtihani wa tumbo ulimwangusha mara ya kwanza. Akianguka tena atarudia mwaka, na kichochoro chote cha nyumbani kwao Fes kilishaanza kumwita daktari na kumletea majipu.

Marudio yaliangukia siku chache baada ya Idi Kubwa. Kondoo alipochinjwa, wanawake wakaketi kuzunguka beseni la matumbo kama kawaida, na Turia akaketi nao, kitabu mapajani. Ini, akaliona. Wengu, huu hapa. Bibi yake, Lalla Batul, alikuwa ameshautia mkononi ule utando wa mafuta wa kuviringishia ini, makaa yanamsubiri, na subira hana.

"Huyu unamtibu au unampika?" akauliza.

Turia alimwomba dakika moja tu, atafute kidole tumbo. Aliupekua utumbo mzima asikione. Lalla Batul akacheka, akaapa kwamba amesafisha matumbo tangu hajaolewa na hajawahi kukutana na kidole humo. Basi Turia, kwa akili zake zote za chuo, akaamua kwamba kitabu kimetia chumvi. Kitu chenyewe hata kazi ya maana hakina, huenda ni wachache tu wanaozaliwa nacho. Akafunga kitabu, akala ini.

Siku ya mtihani Profesa Skalli, mtu mkavu kama mkate wa juzi, alimsimamisha peke yake mbele ya maiti aliyefunguliwa. Alimuuliza kongosho, akajibu. Nyongo, akaionyesha. Kisha akaambiwa aonyeshe kidole tumbo. Akapapasa upande wa kulia, chini, akapapasa tena.

"Hakuna, Profesa."

Skalli akavua miwani. "Umejuaje?"

Hapo ndipo Turia alipoliona kovu la zamani kwenye ngozi, karibu kabisa na kidole chake. Lilikuwa limekaa pale kama jibu lililoandikwa ubaoni. Angeligusa tu, yangekwisha. Lakini aliona aibu, ukweli ukamtoka.

"Kondoo wetu hakuwa nacho. Nikadhani na watu hawana."

Profesa alikohoa kwa muda mrefu, kikohozi kilichofanana sana na kicheko.

"Huyu alikatwa zamani," akasema. "Tangu asubuhi wenzako wote wamenionyesha kidole tumbo chake. Kila mmoja na chake. Nitaonana nao mwakani. Wewe hujui kitu, lakini kisichokuwepo hukukiona, na hilo siwezi kumfundisha mtu. Umepita. Kesho njoo nikuonyeshe cha kweli, kabla hujamgusa binadamu aliye hai."

Nje ukumbini Buazza, aliyeingia kabla yake, alimwona machozi yanamlengalenga. Akamuuliza kama kidole tumbo alikionyesha. Turia akatikisa kichwa.

"Pole, dada yangu," Buazza akasema kwa huruma ya kweli, akamshika bega. "Mbona kilikuwa pale pale? Mimi nilikishika kabisa."

Turia alimtazama, akakosa moyo wa kumwambia. Akamshukuru kwa pole yake.