Ruhusa ya Kuhama

Byron alikuwa na sheria moja tu katika boti yake, na aliitangaza kila asubuhi pale ufuoni Sori kabla ya kuwasha injini.

"Kwenye maji hakuna kusimama wala kuhama bila ruhusa yangu. Anayetaka kununa, anune akiwa amekaa."

Watu walicheka kila mara, hata wale walioisikia mpaka wakaichoka, lakini walitii. Boti yenyewe ilikuwa ya mbao, nyembamba na ndefu, ina ubao wa kukalia kila upande na nafasi ya mizigo katikati. Byron aliwapanga abiria wake kwa jicho. Mnene mmoja kulia, mwenzake kushoto. Mama mwenye mtoto huku, kreti za soda kule. Hakuna aliyemfundisha kazi hiyo. Alikuwa ametazama jinsi maji yanavyopanda ubavuni, akapanga upya, akatazama tena, na kwa kufanya hivyo miaka mingi akawa nahodha ambaye watu wa Migori walimwamini kuwavusha mpaka kisiwa cha Mfangano.

Asubuhi hiyo ilikuwa ya siku ya soko kule Sena, kisiwani. Elvis alikuja wa kwanza kama kawaida yake, na magunia yake ya mahindi aliyonunua Uriri. Elvis alikuwa na duka kubwa Sena, na pia alikuwa katika kamati ya ufuo, ile inayoamua nani auze wapi siku ya soko. Boti ikiwa na Elvis haikuwa na usingizi. Alijua kumwiga chifu, alijua kumwiga mchungaji akiwa na mafua, na Byron mwenyewe aliwahi kucheka mpaka akakosea njia. Tena hakuwa mtu mbaya. Mwaka jana mama mmoja alipozidiwa na uchungu wa kuzaa usiku, Elvis ndiye aliyetoa mafuta ya injini, na hakuwahi kuyataja tena.

Byron alimkalisha Elvis upande wa kulia. Karibu naye akamweka Gesare, mama wa Kisii aliyeuza ndizi, mwenye mwili wake, ambaye Wajaluo wa kisiwani walimwita Min Kerosi kwa jina la mwanawe wa kwanza. Pembeni ya Gesare akakaa Mzee Obare, fundi wa nyavu. Upande wa kushoto akaweka watu wengi wepesi: Mourine msusi, akina mama wawili wa dagaa, na kule mbele karibu na pua ya boti, kijana mwembamba ambaye Byron hakuwahi kumwona. Kijana huyo alibeba beseni la njugu karanga zilizokaangwa, limefunikwa kwa kitambaa cheupe. Alimsalimu kila mtu kabla ya kukaa.

"Hamjambo mabwana. Hamjambo akina mama."

Kiswahili chake kilikuwa na mwendo mwingine. Elvis aliinua kichwa.

"Omera, wewe umetoka wapi?"

"Nimetoka Burundi, bwana. Rumonge. Naitwa Eliya."

"Mrundi!" Elvis akapiga paja. "Yawa, wamefika mpaka majini!"

Boti nzima ikacheka. Eliya naye akacheka kidogo, kama mgeni anavyocheka asijue bado anachekwa kwa lipi. Byron akavuta kamba ya injini, wakaondoka.

Mwanzoni ilikuwa mizaha. Elvis aliuliza kama huko Burundi wana ziwa, na Eliya akasema wanalo, tena refu. Elvis akaigiza sauti yake, watu wakacheka. Akauliza njugu zile amezitoa wapi.

"Nimenunua Uriri, bwana. Nakaanga mwenyewe."

"Mmesikia? Njugu zetu, shamba letu, halafu anatuuzia sisi wenyewe! Toa kipande cha utambulisho tukione."

"Nina karatasi ya kukaa, bwana. Iko ndani ya mfuko."

"Nimesema kipande, sijasema karatasi. Hata mandazi hufungwa kwa karatasi."

Kicheko cha safari hii kilikuwa kidogo. Byron alikisikia kilivyopungua, kama injini inayokula mafuta ya mwisho. Elvis naye alikisikia, na msema mizaha akiona kicheko kinapungua huongeza pilipili. Aliinama juu ya mizigo, akafunua beseni, akachota njugu kwa kiganja. Nyingine akatia mdomoni, nyingine akazimwaga majini.

"Hiyo ni kodi," alisema. "Na tukifika Sena usiteremshe hilo beseni. Mimi ni kamati. Utakaa humu humu mpaka boti irudi Sori, kisha urudi kwenu. Mmekuja kutumaliza. Wasichana wetu mnawataka, soko letu mnalitaka. Mnanuka moshi tu."

Eliya alikirudisha kitambaa juu ya beseni. Aliliweka beseni katikati ya miguu yake na kulishika kwa mikono miwili. Kila mtu aliona kwamba ndani ya beseni lile mlikuwa na soko la siku nzima, na kwamba kama Elvis atatimiza neno lake, njugu hizo zitarudi Sori zikiwa zimelala.

Mourine alikuwa ametoa simu na kuanza kurekodi. Akina mama wa dagaa walitazama mbali, kule maji na mbingu vinapokutana, kana kwamba kuna kitu huko. Mzee Obare alikohoa. Byron aliushika mkono wa injini na kujiambia kwamba atasema wakishapita jiwe la ndege, mwamba wa katikati ya njia ambapo ndege hutua. Akaikaza injini. Ikapiga kelele zaidi, na katika kelele ile alipata nafuu kidogo, kwa sababu nahodha hawezi kulaumiwa kwa maneno asiyoyasikia. Lakini alikuwa akiyasikia.

Jiwe la ndege likaja, likapita.

"Na hilo jaketi la kuelea," Elvis akasema, "ni la Wakenya. Livue. Ukianguka, samaki nao wamwonje Mrundi."

Safari hii hakucheka mtu. Eliya aliangalia huku na huku, uso kwa uso, akitafuta mtu wa kumwambia kama ni mzaha bado. Alipokosa, akaanza kufungua kamba ya jaketi, polepole.

Hapo ndipo Gesare alipoinua mkono. Aliuinua juu, wima, kama mwanafunzi darasani.

"Nahodha!"

Byron alijifanya hakusikia. Mkono ukabaki juu.

"Nahodha, naomba ruhusa kuhama."

Hakuna aliyewahi kuomba ruhusa hiyo katikati ya ziwa. Sheria ilikuwepo, lakini ilikuwepo ili watu wakae. Byron alimtazama yule mama, uzito wake wote, halafu akatazama upande wa kushoto ambao alikuwa ameupanga kwa uangalifu asubuhi. Akijibu ndiyo, boti italala. Akijibu hapana, atakuwa amejibu na lile jingine pia, la jaketi.

"Kuhamia wapi, mama?"

"Pale. Kwa yule kijana."

Elvis aligeuka. "Min Kerosi, kaa chini. Wewe mwenyewe ulitoka Kisii na mkungu kichwani, sisi tukakupokea. Usisahau nani anakupa nafasi sokoni."

Ni kweli, na wote walijua. Meza ya Gesare pale Sena ilikuwa mahali pazuri, chini ya paa, na kamati ndiyo iliyompa. Wanunuzi wake walikuwa ni hawa hawa waliokaa naye botini. Gesare alisikia, lakini hakumgeukia. Aliendelea kumtazama Byron.

"Nahodha, nimeuliza."

Byron akazima injini.

Yalisikika maji tu yakigonga mbao.

"Ruhusa," alisema.

Gesare alihama kama anayejua boti. Aliinama, akashika ukingo, akavuka mizigo kwa makalio, mguu mmoja, kisha wa pili, akishusha pumzi kila hatua. Akaketi kando ya Eliya mpaka ubao ukalia. Akaichukua ile kamba ya jaketi kutoka vidoleni mwake, akaifunga tena, fundo juu ya fundo, kama anavyomfunga mtoto sweta.

"Mimi naitwa Gesare," akamwambia. "Mama yako yuko hai?"

"Yuko hai, mama. Yuko Rumonge."

"Ana watoto wangapi?"

Na wakaanza kuzungumza hivyo, habari za nyumbani, kana kwamba wako barazani na katika dunia nzima hakuna mtu anayeitwa Elvis.

Boti ikalala kushoto. Byron alikuwa akilitarajia. Alifanya kama kazi yake inavyotaka: akachagua mtu mwepesi wa kushoto wa kuvuka kulia.

"Mourine, hamia huku kando ya Elvis, tusawazishe."

Mourine alikuwa ameshusha simu. Aliitia ndani ya mkoba, akafunga zipu.

"Mimi nimekaa vizuri hapa, nahodha."

"Mama Dagaa?"

"Mgongo, mwanangu. Mgongo hauniruhusu."

Mzee Obare akainua mkono, wima kama alivyofanya Gesare. "Nahodha, na mimi naomba ruhusa kuhama. Niende kule kwa wenzangu."

"Mzee, mtatuzamisha!"

"Basi tuzame tukiwa upande mzuri."

Watu wakacheka. Kilikuwa kicheko cha boti nzima, kama kile cha ufuoni, ila safari hii Elvis hakukitengeneza yeye. Upande wa kulia alikuwa amebaki na yule mzee tu aliyenyoosha mkono, naye Elvis aliangalia miguu yake mwenyewe. Byron alimwona na akamhurumia, maana alimjua. Lakini aliona pia kwamba sasa ni zamu yake, na kwamba hana injini ya kujifichia.

"Elvis, ndugu yangu," alisema, na sauti yake haikupanda. "Majaketi ni yangu. Aliyevaa, nimemvalisha mimi. Mzee Obare, kaa hapo hapo. Magunia ndiyo yatahamia kulia, mpaka ukingoni. Mwenye mahindi ayasogeze."

"Peke yangu?"

"Ni yako."

Elvis alipiga magoti akavuta gunia la kwanza. Lilikuwa limekwama kati ya kreti. Alivuta, akatoa jasho, shati likamtoka kiunoni, na safari hii wote walitazama, hakuna aliyeangalia mbingu. Byron alitamani watazame kwingine kidogo.

"Nahodha." Alikuwa Eliya. "Naomba ruhusa kumsaidia bwana huyu."

Gesare aliushika mkono wake, akataka kumzuia, kisha akauachia.

"Ruhusa," Byron alisema.

"Acha," Elvis akasema bila kuinua macho. Lakini gunia lilikuwa limeanza kuteleza, na Eliya alikwishashika ncha moja. Walilisogeza pamoja, kisha la pili, na la tatu. Boti ikainuka taratibu, ikakaa sawa. Byron alitazama maji ubavuni, kulia, kushoto, akaridhika, akavuta kamba.

Waliendelea hivyo mpaka milima ya kisiwa ikawa kijani, na Elvis hakusema mzaha mwingine. Mara moja tu alinyanyua njugu moja iliyokuwa imeanguka juu ya gunia, akaigeuzageuza kati ya vidole, akaitia mfukoni badala ya kuitupa.

Pale Sena wanaume wawili wa kamati walikuwa wanangoja mchangani. Siku zote Gesare ndiye aliyekuwa wa kwanza kushuka, awahi meza yake. Leo pua ya boti iligusa mchanga na yeye hakuinuka. Alikaa palepale kando ya Eliya, mikono mapajani. Mourine naye hakuinuka. Mzee Obare akaanza kutafuta kiatu ambacho alikuwa amekivaa.

"Elvis!" mmoja wa kamati akaita. "Leo umetuletea nini?"

"Mahindi."

"Na yule mgeni mwenye beseni ni nani?"

Elvis alikuwa ameshuka, maji yakimfika magotini. Aligeuka akatazama ndani ya boti, na boti nzima ikamtazama.

"Abiria," Elvis akasema. "Mlitaka awe nani? Njooni mshike gunia."

Hapo Gesare akainuka.

Byron hakuwa na desturi ya kubeba mizigo ya abiria. Nahodha hubaki na boti yake. Lakini aliruka majini, akajitwika mkungu mmoja wa ndizi na kuufuata mgongo mpana wa yule mama kupanda mchanga. Wanawake wawili wa kisiwani, wateja wake wa siku nyingi, walimpita Gesare bila salamu, na Byron akajua kwamba habari imeshafika sokoni kabla yao kwa vinywa vya walioshuka mbele, na kwamba haikufika vizuri kwa kila mtu. Elvis alikuwa na ndugu wengi. Gesare aliwaona pia. Akavuta pumzi, akaendelea kutembea.

"Mama," Byron alisema, "hukuogopa?"

"Niliogopa sana, mwanangu." Alisimama apumzike. "Ndiyo maana nilikuomba ruhusa. Peke yangu nisingeweza. Ungekataa, ningekaa."

Byron alikuwa akikumbuka kwamba pale ziwani, mkono ule ulipokuwa juu, neno "kaa" lilikuwa limeshafika kwenye meno yake. Alimtazama yule mama aliyemwekea boti nzima mikononi bila kujua kama ataishika, na akaona haya, na haya yenyewe ilikuwa na furaha ndani yake.

"Niuweke mkungu wapi?" aliuliza. "Pale chini ya paa, kwenye meza yako?"

Gesare aliangalia sokoni. Eliya alikuwa amepata mahali juani, mwisho kabisa wa safu, anatandaza kitambaa chake cheupe.

"Leo hapana," alisema. "Uweke pale. Karibu na yule."