Spidomita ya Mkunga

Mume wangu hajawahi kuweka kibao mlangoni. Gereji yake iko uchochoroni, nyuma ya duka langu la spea, na watu huifikia kwa kuuliza anapopatikana Sikio. Jina hilo alipewa na wateja. Ukimletea pikipiki hakuulizi ina nini. Anaiwasha, anasimamisha bisibisi ndefu juu ya injini, anaubana mpini wake sikioni, anafumba macho kama mtu anayeonja mchuzi, halafu anakwambia, "Vali. Ile ya kutolea moshi." Na kweli inakuwa vali. Miaka ishirini na sita nimemwona akifanya hivyo na sijachoka kumtazama, ingawa mbele yake husema ni mbwembwe tu.

Nyumbani sikio hilohilo lilikuwa limegoma. Kwa mwaka mzima nilimwita kutoka jikoni asiitike. Nikimwambia sabuni imekwisha, anatabasamu. Nilipomwambia dada yangu anaumwa, alinijibu, "Vizuri." Redio akiiwasha, jirani hana haja ya kununua yake. Nikasema basi, huyu bwana ametia pamba masikioni kwa ajili yangu mimi tu, maana injini anazisikia! Siku moja nilimtupia neno mgongoni: "Sikio la kufa halisikii dawa!" Akaendelea kukunja shati lake. Tangu hapo nikapunguza kumsemesha. Ya nini kumpigia mbuzi gitaa? Tukawa tunaishi kwa salamu na sahani ya chakula.

Ndipo akaja mkunga. Ni mama mfupi, mwepesi wa mwendo, anayezunguka majumbani kuwaangalia wanawake waliojifungua. Pikipiki yake ni kuukuu, aliachiwa na baba yake, ya enzi zile spidomita ilikuwa ya duara yenye mshale, ikizungushwa na waya unaopanda kutoka gurudumu la mbele.

"Fundi, hii spidomita inapiga kelele," alisema. "Nikishika mwendo tu inaanza kulia, tena kisauti chembamba cha kutoboa kichwa. Juzi nimemwamsha mtoto ambaye mama yake alikuwa amembembeleza usiku kucha. Alivyonitazama yule mama, nilitamani ardhi inimeze."

Mume wangu aliipanda, akazunguka mtaa, akarudi. "Mnyororo," akasema, akaukaza. Baada ya siku mbili mkunga akarudi. "Breki ya mbele," mume wangu akasema, akaisafisha. Mara ya tatu nilimsikia mkunga kabla sijamwona. Pikipiki iliingia uchochoroni ikilia kwiii, nami nyuma ya kaunta nikakunja uso.

"Fundi, mimi nakuheshimu," alisema, hata kofia hajaivua. "Lakini leo niambie ukweli. Kama imekushinda, sema, nitafute mwingine. Siwezi kuendelea kuingia kwa wazazi nikilia kama king'ora."

Wateja wawili waliokuwa kwenye benchi wakaacha soga yao.

Mume wangu aliiweka pikipiki kwenye stendi, akamwomba mkunga akalie nyuma ili gurudumu la mbele linyanyuke, kisha akalizungusha kwa mkono kwa nguvu zake zote. Mshale ukapanda, ukaanza kutetemeka, na ile sauti ikatoka, kwiiii, hadi meno yangu yakashikwa na ganzi. Yeye alikuwa ameinamisha kichwa, sikio lake liko shubiri moja tu kutoka kwenye spidomita, macho ameyafumba. Akayafumbua, akasema kwa upole kabisa, "Umeona? Kimya."

Mkunga akanitazama, nami nikamtazama. Mmoja wa wale wa benchini akacheka, akidhani ni mzaha.

Hapo nikaelewa, na nilielewa yote kwa mkupuo: sabuni, dada yangu, redio. Injini zina sauti nzito, na hizo alikuwa bado nazo. Nyembamba ndizo zilizomtoka: filimbi, birika linapochemka, na mimi. Nina sauti nyembamba, nilichekwa kwa ajili yake tangu shuleni. Kumbe mwaka mzima nilikuwa nimemnunia mgonjwa. Nilijisikia vibaya, sina namna nyingine ya kulisema.

Na wale wa benchini walikuwa wanangoja. Neno langu moja lingetosha jina la Sikio lifie palepale, kabla ya jioni mtaa mzima uwe nalo.

"Mkunga, tuachie pikipiki, uje saa kumi," nikasema. "Na nyinyi wawili, nendeni mkale, zenu hazijafikiwa."

Walipoondoka nikafunga mlango wa duka, nikaenda kusimama mbele yake. Nikasema taratibu, "Inalia. Wewe huisikii."

"Umeanza," akasema.

"Inalia, baba watoto."

"Nina kazi mimi." Akanipa mgongo, akachukua bisibisi.

"Tangu lini?" nikauliza. Akaendelea na bisibisi yake. Hasira zangu za zamani zikaanza kupanda, halafu nikakumbuka kwamba nilikuwa nauliza mgongo. Nikazunguka mbele. "Tangu lini?"

Alikaa juu ya tairi. "Walianza kunyamaza ndege. Nikadhani wamehama." Akaifuta bisibisi ambayo haikuwa na uchafu. "Wakijua, mama watoto, nani atamletea pikipiki Sikio asiyesikia? Na mimi kazi nyingine siijui."

Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini sikumwambia. Nilikwisha kumtupia methali moja vibaya, na hiyo ilinitosha. Nilibeba betri mbili mbovu nikazirundika kwenye kiti cha nyuma mpaka gurudumu la mbele likanyanyuka. Nikamshika mkono, nikamwekea kiganja juu ya spidomita.

"Fumba macho," nikasema, nikalizungusha.

Ilipoanza kulia nikamwona akishtuka. Akaushika na waya kwa mkono wa pili, akauminya huku na huku. "Tena," akasema. Nikazungusha tena, nikazungusha mpaka bega likaniuma. Uso wake ukawa ule wa kuonja mchuzi. "Waya umekauka," akasema. "Lakini mtetemo mkali uko humu ndani ya mita. Mhimili wake unasaga pakavu."

Alifungua nati iliyo chini ya spidomita, akauchomoa waya wa ndani. Ulikuwa mwekundu kwa kutu. Akaupangusa kwa mafuta ya taa, akaupaka grisi kidogo, ila upande wa juu akaacha urefu wa kidole bila kitu. "Grisi ikipanda ndani ya mita, mshale unanata," akanieleza. Kisha akaivua spidomita yenyewe, akaigeuza chini juu, akaninyooshea mkono bila kutazama. "Mafuta ya cherehani."

Nikampa kichupa changu. Akatia tone moja kwenye kitundu cha mhimili, akauzungusha polepole kwa ncha ya bisibisi, akatia la pili. Tukaiacha kifudifudi saa nzima mafuta yapenye, na saa hiyo yote nilikaa mbele yake nikimpa habari za mwaka mzima. Nilipofika kwa dada yangu alishtuka. "Aliumwa? Aliumwa lini? Mbona mimi sikwenda kumwona?" Nikamwambia amepona, na kwamba dada amekuwa akimsema yeye vibaya kwa kutokwenda, na aliyemfundisha kumsema ni mimi.

Saa kumi mkunga akarudi, na wale wa benchini nao, shibe imewakolea. Kila kitu kilikuwa kimeshafungwa mahali pake. Mkunga akakalia nyuma, mume wangu akalizungusha gurudumu. Mshale ukapanda, ukatulia. Akaweka kiganja juu ya mita akakiacha hapo. Mimi nilidhani ataishia hapo, aseme imepona, ampe ufunguo. Hakuna ambaye angejua.

Alinyanyua kichwa, akanitafuta kwa macho, akasema kwa sauti kubwa kuliko alivyokusudia, "Mama watoto, njoo unisikilizie. Mimi sauti nyembamba sizisikii tena."

Aliyecheka asubuhi aliangalia viatu vyake. Mkunga akasema tu, "Zungusha, fundi, mkeo anakuja."

Nikatoka nyuma ya kaunta nikainama palepale alipoinama yeye asubuhi, nikafumba macho. Gurudumu likazunguka. Nilisikia upepo wa tairi, na pumzi yake karibu na shavu langu. Nikalingojea hadi lisimame lenyewe, kwa sababu kazi ya Sikio haifanywi kwa haraka. Kisha nikainuka, nikamshika kidevu, nikamgeuza anione mdomo.

"Kimya," nikamwambia. "Safari hii ni kweli."